Nilivyokaa kwenye mkeka wa wafinyanzi

(Hotuba niliyoitoa Mikindani, Mtwara, mbele ya wazazi na majirani, jioni ya kuchoma vyungu. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikirudishia maneno machache yaliyomezwa na upepo wa bahari.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, na ninyi wanafunzi wangu mliokaa nyuma kule chini ya mwembe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze wakati vyungu vinapashwa joto taratibu pembeni, kabla havijafunikwa kwa makuti. Hatua hiyo haiharakishwi, kwa hiyo tunao muda. Bibi, mwalimu wetu wa ufinyanzi, akinyanyua mkono nitanyamaza, hata kama nipo katikati ya neno, maana moto ni wake na mimi hapa ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa kemia. Kwa miaka 19 nimesimama mbele ya ubao nikiandika fomula ya kaolini, madini ya udongo wa mfinyanzi. Nimewaeleza watoto wenu kwamba udongo wa mfinyanzi ni mwamba uliooza polepole kwa maji na hewa kwa muda mrefu mno. Chembe zake ni bapa na nyembamba kama kurasa, na maji yakipenya katikati zinateleza moja juu ya mwenzake. Ndiyo maana udongo huo ukiuvuta unavutika, na ukiuachia unabaki palepale ulipouacha. Nimewasimulia habari za kaolini ya Pugu, kule karibu na Dar es Salaam. Watoto wakaandika, wakafanya mitihani, wakafaulu. Na katika miaka yote hiyo 19 sikuwahi kushika donge moja la udongo huo kwa mkono wangu.

Jambo hilo sikuliona mpaka siku niliyowapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani. Mliofika pale mnapajua: Msikiti Mkuu wenye makuba yake, Husuni Kubwa juu ya jabali ikitazama bahari, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao, pamoja na Songo Mnara, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Mwenyeji wetu alitueleza habari za dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, na sahani zilizotoka China. Watoto wakaanza kutafuta kwa macho vigae vya kijani na buluu, maana kuviokota hairuhusiwi. Mimi jicho langu likaangukia kigae kingine kabisa. Kilikuwa cha chungu cha kawaida, rangi ya kahawia, ukingoni kimechorwa vistari vilivyolala upande kama miiba ya samaki. Nikachuchumaa. Upande wake wa ndani palikuwa na kibonyeo cha kidole.

Kidole chembamba kuliko changu. Mtu alikandamiza pale udongo ukiwa mbichi, akashika ukuta wa chungu kwa ndani huku mkono wa pili ukilainisha nje, halafu akaendelea na kazi yake. Sultani akapita, Wareno wakapita, nyumba za mawe zikaanguka, kile kibonyeo kikabaki.

Mwenyeji akaniona nimeinama, akasema: “Mwalimu, vile vya China vinapendwa kwa kuwa vinang'aa, lakini ni vichache. Vingi kabisa vinavyofukuliwa hapa ni vya kwetu.” Nikamuuliza ni nani waliovifinyanga. Akanijibu bila kufikiri: “Akina mama, kwani nani mwingine?”

Usiku ule, tukiwa Kilwa Masoko, usingizi ulikataa. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa Newala. Waliotoka juu uwandani wanajua shida yetu: mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na juu hakuna mto. Maji yako chini mabondeni. Mama alikuwa akitusimulia jinsi wanawake walivyoteremka gizani na kupanda tena jua likiwa kali, ngata kichwani, mtungi juu ya ngata, mkono mmoja tu ukigusa shingo ya mtungi pale njia inapopinda. Mtungi ukivunjika njiani, kilichomwagika si maji tu, ni siku nzima ya mtu. Na ile mitungi walifinyanga wenyewe. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alisafiri huku kwetu kusini, akampiga picha mwanamke wa Kimakua akiwa kazini anafinyanga chungu. Basi picha ya ufinyanzi wetu ilifika Ujerumani, lakini kazi yenyewe haikufika mkononi mwangu, mimi mjukuu, ambaye nilizaliwa umbali wa siku moja tu kwa miguu kutoka pale bibi alipokalia jamvi lake.

Niliporudi Mtwara nikaanza kuuliza. Tunayo kata inaitwa Vigaeni, nimeipita maelfu ya mara nikienda sokoni, na mpaka safari ile ya Kilwa sikuwa nimesikia vigae ndani ya jina lake. Sokoni nikamkuta mama anauza vyungu na vyetezo, vimepangwa juu ya gunia karibu na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila. Nikanunua chetezo kimoja nisichokihitaji ili nipate kuuliza. Akanielekeza huku Mikindani, kilomita kama 11, kwenye ua wa muuguzi mstaafu ambaye aliwapa wafinyanzi wachache kivuli, kisima na banda la makuti. Akaniambia niende Jumamosi, na niende mapema.

Nilifika saa moja asubuhi. Palikuwa na wanawake watano kwenye mkeka na kijana mmoja wa bodaboda anayekanda udongo ukutani. Nikasalimia. Bibi akaitika, akanitazama viatu, akauliza: “Umekuja kununua au kuandika?” Nikasema, “Bibi, nimekuja kujifunza.” Wakanyamaza wote. Mnajua kwetu: baba zetu walichonga mpingo, mama zetu walifinyanga udongo, na kila upande ulikuwa na miiko yake. Nilikuwa tayari kurudishwa, na wangenirudisha nisingelalamika. Bibi akamaliza kulainisha ukingo wa chungu alichokuwa nacho, akakiweka chini, akasema: “Vua saa.”

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya Jumamosi ya kwanza: kuvua saa, kisha kuponda. Jumamosi nne sikufinyanga kitu. Niliponda madongo makavu kwenye kinu, nikachekecha, nikaokota vijiti na vijiwe, nikaloweka, nikamwaga maji ya juu, nikakanda. Halafu nikafundishwa kusaga vigae. Chungu kikivunjika hapa hakitupwi. Kinapondwa mpaka kiwe chenga, chenga zinachanganywa na udongo mpya, kwa sababu udongo mtupu ukikauka unajikunja kupita kiasi na kupasuka, lakini chenga zilizokwisha kuungua hazijikunji tena, zinaushikilia. Nilipolijua hilo kitabuni nilikuwa nikiliita kwa jina la kizungu refu. Bibi analiita “mifupa”. Udongo, anasema, lazima uwe na nyama na mifupa.

Mara ya kwanza nilipoambiwa nipime kama mchanganyiko umefika, nilianza kufikiria vipimo, gramu kwa gramu. Bibi akachukua punje, akaiweka ulimini, akaisaga taratibu kwa meno ya mbele, akatema. “Bado. Mifupa michache.” Nikafanya kama yeye. Sikusikia chochote ila ladha ya mvua. Ilinichukua miezi mitano kusikia alichokuwa akisikia, na siku nilipokisikia nilisimama nikatoka nje ya banda, nikakaa peke yangu kidogo.

Ndugu zangu, niwaambie kilichonishika. Mimi ni mtu wa miaka 46. Nyumbani ndimi baba, kazini ndimi mwalimu, msibani nikifika napewa kiti. Kila ninapoingia natarajiwa kujua. Pale kwenye mkeka ndimi nisiyejua. Mtoto wa bodaboda, ambaye miaka minane iliyopita nilimpa alama 31 kwenye mtihani wa kemia, ndiye aliyeushika mkono wangu na kuuonyesha mahali pa kukandamiza. Niliporudi nyumbani jioni ile, mke wangu aliniuliza kwa nini uso wangu umebadilika. Mtu mzima anahitaji mahali pa kuwa hajui. Nilikuwa sijui kwamba nakikosa kitu hicho, na nadhani wengi waliokaa hapa wanakikosa vilevile.

Niwaonyeshe kidogo jinsi chungu kinavyopanda, maana wengine mnavitumia kila siku na hamjawahi kuviona vikizaliwa. Chukua kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, kitako cha mviringo. Hicho ndicho kiti. Donge linakaa juu ya kigae, na kigae kinazungushwa polepole kwa mkono wa kushoto. Ngumi inaingia katikati ya donge, linakuwa bakuli nene. Kisha unaviringisha udongo kama kamba, unene wa kidole gumba, unaizungusha juu ya ukingo, unaibana ndani na nje mpaka mshono upotee. Mshono usipopotea, moto utaufunua. Kamba juu ya kamba, ukuta unapanda. Kwa ndani kinashikwa kipande cha kibuyu kilichopinda, kwa nje kombe la pwani linakwangua, na tumbo la chungu linatoka. Hapo Bibi huacha kutazama chungu. Hufumba macho. Vidole vyake vinapita ukutani, na akikuta pamenona anapapunguza, akikuta pamekonda anaongeza, bila kuangalia. Nakshi zinachorwa udongo ukiwa umekaza lakini haujakauka, kwa kijiti au kwa gunzi la mhindi linalobiringishwa shingoni mwa chungu. Mwisho ni kusugua kwa jiwe laini la mtoni. Bibi anacho kijiwe alichopewa na mama yake, upande mmoja kimelika kikapata umbo la kidole gumba. Nikikishika mimi hakikai sawa, maana kimelika kwa vidole vya watu wengine.

Kisha kivulini. Si juani. Wiki moja, mvua ikiwapo wiki mbili. Chungu cha sentimita 10 kwenda juu kitakauka na kuungua kikibaki kama 9, kwa hiyo usipime kifuniko kabla ya wakati.

Bakuli langu la kwanza lilipasuka motoni kwa mlio ambao bado nausikia. Nikasema kwa uhakika wote wa mwalimu: hewa. Kulikuwa na kipovu cha hewa ukutani, nimesoma hivyo. Bibi akatikisa kichwa: “Hewa haina kosa. Uliliharakisha, lilikuwa na maji.” Nikaenda nyumbani nikapiga hesabu, na hesabu ikampa haki Bibi. Joto likifika nyuzi 100, maji yaliyojificha ukutani yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa chungu hauna nafasi hiyo. Ndiyo maana sasa hivi vyungu vile pale vimezungushwa mbali na moto, vikigeuzwa ubavu kwa ubavu. Vikivuka hapo, kati ya nyuzi 450 na 600 hutoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe. Hayo yakishatoka, udongo hauwi udongo tena. Utauloweka mwaka mzima na hautayeyuka. Nimewafundisha watoto wenu mabadiliko ya kikemia yasiyorudi nyuma kwa kuwasha utambi wa magnesi darasani, cheche sekunde tatu, basi. Sasa nawaleta hapa. Anayetaka kuelewa aje ashike chungu kibichi leo na kilekile kesho asubuhi.

Na tunachoma jioni kwa sababu moja. Gizani rangi ya joto haifichiki. Mchana jua linaiba wekundu wa vyungu, huwezi kujua vimefika wapi. Usiku unaona vinavyotoka kwenye weusi, vikaja wekundu wa damu ya mzee, vikaja wekundu wa embe dodo. Hatuna kipimajoto. Tuna macho ya Bibi.

Kuhusu karakana yenyewe nitasema kwa ufupi. Tuko 14. Muuguzi, mama lishe wawili, fundi cherehani, karani, dereva, vijana waliomaliza kidato cha nne, na mimi. Kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa mwezi, na asiyekuwa nayo anaponda udongo Jumamosi mbili. Bibi na wenzake wanne hawatoi kitu, wao ndio walimu, na vyungu wanavyouza ni vyao. Udongo tunaufuata bondeni mara moja kwa mwaka baada ya masika, gunia kwa gunia, na shimo tunalifukia kabla ya kuondoka. Vumbi la udongo mkavu hatulifagii, tunalipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi lile lina silika na mapafu hayasahau. Hilo ndilo sharti pekee nililoleta mimi, na nafurahi kwamba Bibi alilikubali.

Migogoro ipo. Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Tumewahi kugombania rafu ya kukaushia, na dada mmoja aliacha kuja miezi miwili kwa sababu mtu alisogeza mtungi wake ukiwa mbichi ukapata ufa shingoni. Hakuna aliyekiri. Muuguzi ndiye aliyemfuata nyumbani, akakaa naye, akarudi naye. Tangu hapo kila rafu ina alama ya mwenyewe na hakuna anayegusa kibichi cha mwenzake, hata mvua ikiwa inaingia ndani. Unamwita mwenyewe kwanza.

Mwaka jana tulipata gurudumu la kufinyangia. Mafundi wetu wa gereji walichukua flaiwili, yaani duara zito la chuma la injini, ya lori bovu, wakaichomelea mhimili na beringi, juu wakafunga kisahani cha mbao. Unalipiga teke kwa chini, linazunguka kwa muda mrefu kwa sababu ya uzito wake. Nilidhani gurudumu litakuwa rahisi kuliko mkono. Jamani! Donge likikaa nje ya katikati kwa upana wa ukucha, linakurusha. Mkono unapigwa, unapigwa, na ukikasirika ukakaza mabega ndiyo unaharibu kabisa. Viwiko viwekwe mapajani, pumzi ishuke, na mkono usifuate donge, donge ndilo lifuate mkono. Kijana wa bodaboda alilijua siku ya pili. Mimi, Jumamosi ya kumi na moja. Ghafla donge likatulia, likawa kama halizunguki kabisa, na nilisikia kimya ndani ya viganja. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Bibi alilijaribu gurudumu mara moja kwa heshima ya mafundi, akashukuru, akarudi kwenye kigae chake.

Sasa nitasimulia kosa langu, maana lilimuumiza mtu, na wengine mlilisikia limezungumzwa vingine. Kuni ni ghali na sote tunaona miti inavyopungua. Tunachomea makumbi ya nazi, makuti makuukuu na matawi ya mikorosho yanayobaki wakati wa kupogoa. Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilikuja na wazo: maganda ya korosho. Mkoa wetu una maganda kama mchanga, yana mafuta, yanawaka vikali, hata viwandani yanachomwa kwenye matanuri ya mvuke. Bibi alisema, “Mimi nimebangua korosho miaka mingi, yale mafuta si ya kuchezea.” Nikamjibu kwa kemia. Nikaleta magunia matatu.

Yaliwaka mno. Moto ulipanda kwa dakika chache pale ambapo vyungu vilihitaji saa nzima, vikaanza kupasuka kimoja baada ya kingine. Vilikuwa 23, vikabaki 6. Lakini vyungu si kitu. Moshi ulikuwa mzito, mweusi, wenye makali. Yale mafuta yana asidi inayochoma ngozi, kila mbanguaji anaijua kwa vidole vyake vilivyobabuka, na mimi niliijua kwa jina lake kitabuni. Mama lishe wetu mmoja alivimba macho siku nne hakufungua biashara. Nilikwenda kwake na mke wangu, tukaomba radhi, nikamfidia siku zake. Jumamosi iliyofuata nilirudi hapa nikitarajia kukatazwa. Bibi alikuwa amekusanya vigae vya vyungu vyote 17 kwenye beseni. Akanisogezea kinu. Nikavisaga mpaka jioni, na mifupa ya vyungu vinavyopashwa joto pale mbele yenu imo humo.

Kuna swali naulizwa kila wiki, na baadhi yenu mmeniuliza tena leo nikiwa naingia: “Mwalimu, sasa unauza shilingi ngapi?” Nawajibu kwa heshima yote. Siuzi. Sina ubaya na biashara, nimesema akina Bibi wanauza na wawauzie wengi zaidi, na chungu cha Bibi kwa bei ile anayotaja ni karibu na bure. Lakini mimi nafinyanga kwa sababu napenda. Tumelichukua neno “hobi” kwa kuwa letu halipatikani kirahisi. Wenzetu Kenya wanasema “uraibu”, ila hapa kwetu neno hilo limebeba tumbaku, tambuu na pombe. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani mfinyanzi mwenyewe hula kwenye kigae kwa sababu vizima vyote ameviuza. Mimi nala kwenye bakuli langu zima, lililopinda upande mmoja, na wanangu wanaligombania. Lina thamani hiyo, na sitaki mtu aniombee msamaha kwamba napoteza muda.

Na kwa mabinti mliopo hapa, mnaodhani kazi hii ni ya vijijini na ya zamani. Kulikuwa na mama wa Nigeria, Ladi Kwali, aliyejifunza kufinyanga kwao kijijini kwa kamba za udongo kama anavyofanya Bibi. Mwaka 1954 akajiunga na karakana ya mafunzo ya ufinyanzi kule Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja, mitungi yake ikasafiri dunia. Alifariki mwaka 1984. Leo picha yake, akiwa anafinyanga, ipo nyuma ya noti ya naira 20. Katika miaka ya 1970 alifika kwenye karakana ile binti aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo, akajifunza kwa mama huyo. Vyombo vya Odundo sasa vimo kwenye majumba makubwa ya makumbusho, naye hatumii gurudumu. Anavipandisha kwa mkono, anavisugua kwa jiwe mpaka vinang'aa. Nilimwonyesha Bibi picha ya mtungi mmoja wa Odundo kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole viwili aone shingo kwa karibu, akasema: “Huyu amekaa chini kwa mtu.” Maana yake, amefundishwa akafundishika.

Akina Bibi ni watano. Mkubwa wao hajui mwaka aliozaliwa, ila anakumbuka reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ikijengwa kutoka bandarini. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila anachonifundisha, na daftari limejaa, na bado ulimi wangu haujui nusu ya udongo unaojua ulimi wake. Vitu hivyo haviandikiki. Vinahitaji vidole vingine vya kuingia. Kwa hiyo nawaomba, si kwa ajili ya karakana, mje mkae. Jumamosi, saa moja. Leteni khanga ya kuchafuka au suruali kuukuu. Udongo upo, kigae cha kukalia chungu kipo, na mwanamume akija hatarudishwa, hilo tayari limeshaamuliwa na wenye…

Bibi amenyanyua mkono. Vijana, leteni makumbi. Akina mama wenye watoto wadogo, sogeeni upande wa kisima, upepo unaelekea huku.